Hivi kwa nini stoo na benki anaachiwa mwanagenzi wa ukaguzi? Nondo tani 3 zimenishinda

#1 JuniaWaPosta

Wakuu habari zenu.

Nina miezi saba kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar, ya kati tu, haimo kwenye wale wanne wakubwa. Mitihani ya NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, naiendea Mei. Tarehe 31 Desemba nilitumwa peke yangu kwenye ghala la mteja anayeuza vifaa vya ujenzi. Maelekezo yalikuwa ujumbe wa simu wa mistari miwili: fika saa tatu asubuhi, hesabu stoki, rudi na karatasi zikiwa na saini.

Nikahesabu. Saruji sawa, mabati sawa, misumari sawa. Nikafika kwenye nondo za milimita 12. Mafungu yenye lebo ya kiwanda 34, kila fungu vipande 94. Zilizofunguliwa, vipande 564. Jumla 3,760. Nondo moja ya mita 12 ina kama kilo 10.66, kwa hiyo nikapata tani 40 na kidogo. Mfumo wao unasema 43.2. Tani 3 na ushee hazionekani.

Nikampigia sinia wangu, anayenisimamia kazini. Akauliza thamani, nikamtajia, akasema iko chini ya kiwango cha umuhimu, yaani ni ndogo mno kubadili picha ya hesabu, andika halafu pita. Nimeandika. Lakini toka siku hiyo nikifumba macho naziona zile nondo.

Ninachouliza ni hiki. Fedha taslimu, benki na stoki ndivyo vitu vinavyoibika kirahisi kuliko vyote, na ndivyo anavyopewa mtu mgeni kuliko wote kwenye timu. Kwa nini? Na ya pili, nyie wazoefu, tani 3 zimekwenda wapi?

(Nimehariri: nimeondoa jina la barabara. Asante #5.)

#2 KimaraMwisho

Nawahi siti ya dirishani. Uzi huu naufuata mpaka mwisho.

#3 BiMizania

Jibu la swali la kwanza ni fupi: bei. Mteja anataka ada ndogo, kampuni inagawa saa kulingana na ada. Saa moja ya patna, mbia wa kampuni, ni ghali, saa yako ni rahisi. Stoo ni kazi ya siku nzima, benki ni wiki. Ukimweka meneja ahesabu misumari, ada imeisha kabla hamjafika kwenye kodi.

#4 MzeeWaLeja

Kijana, marahaba, ingawa hujanipa shikamoo.

Kwanza turekebishe neno. Mkaguzi hahesabu stoki. Anayehesabu ni mteja, kwa watu wake na karatasi zake. Mkaguzi anashuhudia zoezi, anaangalia kama maelekezo yanafuatwa, halafu anachukua sampuli na kuhesabu upya kwa njia mbili. Njia ya kwanza unatoka kwenye karatasi unaenda sakafuni, kuona kama kilichoandikwa kipo. Ya pili unatoka sakafuni unarudi kwenye karatasi, kuona kama kilichopo kimeandikwa. Hayo yako kwenye ISA 501, moja ya viwango vya kimataifa vya ukaguzi, na viwango hivyo tumevipokea nchini tangu Julai 2004.

Sasa nikuulize: ulimkuta mteja anahesabu, au ulihesabu wewe yeye akakusindikiza? Maana kama ulihesabu wewe, tani 3 ni tatizo la pili. La kwanza ni kwamba mteja wako hana zoezi la kuhesabu kabisa.

#5 DadaVocha

Mdogo wangu futa jina la hiyo barabara haraka. Maghala ya vifaa vya ujenzi pale yanahesabika kwa vidole. Siri ya mteja ni ya kwanza kabla ya usingizi wako.

#6 JuniaWaPosta

#5 nimefuta dada, asante.

#4 shikamoo mzee, nisamehe. Ukweli ni kwamba nilihesabu mimi, na mtunza stoo akawa anasoma karatasi ya mfumo kwa sauti. Nikitaja namba yangu, yeye anataja yake.

#7 MzeeWaLeja

Marahaba. Hapo ndipo pa kuanzia. Mtu anayehesabu hatakiwi kuona namba ya mfumo. Akiiona, jicho linaitafuta. Umebahatika kwenye nondo umepata tofauti, lakini hiyo saruji "sawa" na mabati "sawa" mimi ningeyatilia shaka kuliko hizo nondo.

#8 NasomeaCPA

Mimi sikubali hoja ya bei ya #3, au niseme haitoshi. Junia, yaani mkaguzi mchanga, anapewa stoki na benki kwa sababu ushahidi wake unashikika. Mfuko wa saruji upo au haupo. Barua ya benki inasema salio ni hili au lile. Ukikosea, mtu anayepitia karatasi zako anaona. Sasa mpe mtu wa miezi saba akadirie madeni yasiyolipika, au kodi iliyoahirishwa, au kama kiwanda kimeshuka thamani. Huko hakuna cha kushika, ni kupima maneno ya mkurugenzi wa fedha mwenye miaka ishirini kazini. Huko wanaenda wakubwa, na ndivyo inavyopaswa.

#9 KariakooKwanza

Nafanya biashara, si mkaguzi. Nyie mnasema "kushikika" lakini ninavyojua mimi, stoo ndiyo mahali pa kudanganyia. Katoni zinapangwa ukuta, katikati tupu. Mzigo uliohesabiwa ghala hili asubuhi unalala ghala lingine usiku, kesho unahesabiwa tena. Mafuta ya kula, juu mafuta chini maji. Huyo mtoto wa chuo atajuaje?

#10 NasomeaCPA

Hiyo ya mafuta na maji ilitokea kweli Marekani mwaka 1973. Matangi ya mafuta ya soya yalijaa maji, juu yana tabaka la mafuta, wakaguzi wanachovya kijiti wanaona mafuta, wanaondoka. Waliokopesha kwa dhamana ya yale mafuta waliumia vibaya, na American Express, ambayo kampuni yake tanzu ilitoa stakabadhi za ghala, nayo iliumia.

#11 MzeeWaLeja

Ni 1963, si 1973. New Jersey. Na haikuwa maji peke yake, matangi yaliunganishwa kwa mabomba, mafuta yaleyale yakasukumwa kwenda kumngojea mkaguzi kwenye tangi linalofuata.

Mkitaka chimbuko lenyewe la kijana kutumwa stoo, rudini 1938. Kulikuwa na kampuni ya dawa huko huko Marekani, McKesson & Robbins. Vitabu vyake vilionyesha bidhaa na wadaiwa wa mamilioni ya dola ambao hawakuwepo duniani. Wakaguzi walikuwa wamepitia karatasi zote na karatasi zilikuwa safi. Enzi hizo kwenda ghalani au kumwandikia mdaiwa hakukuwa lazima. Baada ya hapo ndipo ikawa sehemu ya kazi. Kwa hiyo kile unachokiona ni kazi ya kumtupia mtoto, kililetwa kwa sababu wakubwa walikaa ofisini na karatasi zikawadanganya.

#12 KimaraMwisho

Mzee unaandika kama ulikuwepo.

#13 MzeeWaLeja

1938 sikuwepo. Nilikuwepo NBAA ilipoundwa kwa sheria ya 1972, nikiwa mvulana wa kubeba mafaili. Inatosha.

#14 MamaStoo

Naomba niseme upande wangu. Nimetunza stoo miaka kumi na moja, sasa niko Mbagala na duka langu.

Wakaguzi mnakuja tarehe 31 jioni, watu tumechoka, wengine tuna safari ya kwenda kufunga mwaka nyumbani. Mnaingia na ubao wenu na kalamu, hamsalimii, mnauliza "hii mbona pungufu" mbele ya wapagazi. Kwa miaka kumi na moja aliyeniuliza swali la maana ni kijana mmoja tu. Alikaa kwenye mfuko wa saruji, akaniuliza: "Mama, mzigo ukitoka hapa, karatasi ya kwanza inaandikwa na nani?" Nilimweleza kila kitu mpaka giza likaingia. Nilikuwa najua gari linatoka bila karatasi kila Ijumaa kwa amri ya mtoto wa mwenye mali. Nilikuwa nangoja mtu aniulize tu.

Sasa wewe JuniaWaPosta, mtunza stoo uliongea naye nini zaidi ya namba?

#15 JuniaWaPosta

Mama, nimeona aibu. Jina lake tu sikuuliza, nilinakili kutoka kwenye saini.

#16 DadaVocha

#14 umesema jambo ambalo darasani hatukufundishwa. Na mimi naona hapa ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Mtu wa chini anaongea na mtu wa chini. Meneja akishuka na gari lake, mlinzi anapiga saluti, mtunza stoo anasimama wima, hakuna atakayesema neno. Junia anafika na daladala, jasho linamtoka, anaomba maji. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeshaambiwa na mpika chai mambo ambayo mkurugenzi wa fedha alinificha wiki tatu.

#17 BiMizania

Dada hiyo ni bahati nzuri inayotokea baadaye. Si sababu ya kampuni kumtuma. Sijawahi kuona bajeti ya saa iliyoandikwa "mpika chai".

#18 FundiChuma

Tuache chai, twende kwenye nondo. Mimi ni fundi wa kusuka nondo, majengo ya Kigamboni na Goba nimeyasuka mengi.

Hiyo kilo 10.66 umeitoa kitabuni. Ni sahihi kama nondo ni ya milimita 12 kamili: kilo 0.888 kwa mita, mara mita 12. Ndiyo maana lebo inasema 94 kwa tani. Lakini nondo za mtaani nimezipima nyingi zimeandikwa 12 na hazifiki 12. Ulipima hata moja kwenye mizani?

#19 JuniaWaPosta

Sikupima.

#20 NasomeaCPA

Nadhani nimeipata. Muuza nondo wa rejareja hauzi kwa tani, anauza kipande. Mfumo wake uko kwa tani. Karani ili asisumbuke ameweka vipande 100 ni tani moja. Kila kipande kikiuzwa mfumo unatoa kilo 10, wakati kweli imetoka 10.66. Piga hesabu: vipande 4,700 ni tani 50, mfumo umeondoa 47. Tani 3 zimebaki kwenye kompyuta bila kuwepo sakafuni. Ni tofauti yako ileile! Hakuna mwizi, ni kugawanya kwa mia.

#21 KariakooKwanza

Safi sana dogo. Huku kwetu wanaofanya hivyo wapo.

#22 BiMizania

Nzuri, lakini lazima ifikie kwenye mauzo ya mwaka. JuniaWaPosta, mwaka mzima wameuza nondo za 12 kiasi gani? Kama ni tani 600, basi tofauti ingekuwa zaidi ya tani 30, si 3. Maelezo yakitoshea namba moja halafu yakakataa nyingine, bado si maelezo.

#23 JuniaWaPosta

Ni kama hizo 600 ulizotaja. Lakini wateja wakubwa wanachukua kwa tani nzima, ankara zao zimeandikwa tani. Rejareja ndio wanachukua vipande. Rejareja peke yake sijaitenga, Jumatatu narudi kwa mteja nitaomba ripoti.

#24 NasomeaCPA

Basi bado nipo ndani. Vipande 4,700 vya rejareja kwa mwaka, kwa duka la vifaa, ni kitu kinachowezekana.

#25 FundiChuma

Haiko ndani, subiri. Kama nondo ni nyepesi, tuseme kilo 10 kamili, basi karani yuko sahihi, 100 ndiyo tani. Mzigo ukiingia kwa mizani, tani moja inatoa vipande 100. Na hapo JuniaWaPosta vipande vyake 3,760 ni tani 37.6, si 40. Pengo linakuwa tani 5 na nusu. Kwa hiyo kabla ya kumsafisha karani, pimeni nondo.

#26 KimaraMwisho

Nilikuja kusoma habari za ajira, sasa nasoma kilo kwa mita. Endeleeni.

#27 Ankara_na_Risiti

Mimi ni mhasibu upande wa mteja, miaka tisa nakaguliwa. Naona mnatafuta mbali. Tani 3 ni gari moja la Canter. Angalia hati ya mwisho ya kutolea mzigo ya tarehe 31. Gari likipakia asubuhi kabla hujafika, na ankara ikaandikwa tarehe 2 Januari, mfumo bado una mzigo wako na sakafu haina. Au upande wa kuingiza: ankara ya kiwanda imeshaingizwa, mzigo wenyewe bado uko kiwandani. Mpaka wa tarehe huo, kila mwaka unatusumbua.

Ulinakili namba ya hati ya mwisho ya kutoa na ya kupokea kabla ya kuanza kuhesabu?

#28 JuniaWaPosta

Ya kutoa nilinakili. Ya kupokea sikujua kama inatakiwa.

#29 Ankara_na_Risiti

Si kosa lako, ni la aliyekutuma kwa mistari miwili. Ila niwaambie na hili: kila mwaka naletewa junia mpya. Mwaka juzi nilieleza mfumo wetu wa kupokea mzigo kwa binti mmoja, akauelewa vizuri kweli. Mwaka jana hakurudi, kaja mwingine, nimeanza upya. Mwaka huu mwingine. Namaliza siku nzima nafundisha watu wa kampuni ninayoilipa ada. Kama junia ndiye macho ya ukaguzi, basi hayo macho yanabadilishwa kila mwaka.

#30 DadaVocha

Wanaondoka kwa sababu ya kazi yenyewe ilivyo. Januari mpaka Juni huna maisha. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba zinatakiwa kupeleka ritani za kodi TRA ndani ya miezi sita, kwa hiyo 30 Juni kila mteja anakulilia wewe. Nilikuwa natoka ofisini saa nne usiku, narudi saa mbili asubuhi. Halafu Mei hiyo hiyo una mtihani wa bodi.

#31 MtuWaMeneromango

Na ovataimu hamna. Ukaguzi hauna ovataimu kisheria.

#32 WakiliWaTemeke

#31 hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijaandika "isipokuwa wakaguzi". Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kupita saa 50 ndani ya wiki nne. Kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, ina nyongeza ya asilimia 5. Wasiohusika na mpangilio huo wa saa ni wale wa ngazi ya kusimamia wengine kwa niaba ya mwajiri. Mtu wa miezi saba anayetumwa kuhesabu misumari hamsimamii mtu yeyote.

#33 DadaVocha

Sheria naijua kaka. Lakini nenda ukaidai huku unahitaji saini ya mwajiri kwenye daftari lako la mafunzo, maana bila miaka 3 ya kazi ya vitendo hujasajiliwa. Watu wengi wanafikiri ukifaulu mitihani ndiyo umeshakuwa CPA, mhasibu aliyesajiliwa na bodi. Mitihani ni nusu tu, nusu nyingine iko mikononi mwa anayekusainia.

#34 NasomeaCPA

Hili la dada limenigusa. Nami nina kisa cha benki. Mteja mmoja, mwezi wangu wa pili kazini, nimebeba barua za kuthibitisha salio. Meneja wa fedha akaniambia kwa upole kabisa, "Dogo jua kali, niachie, dereva wetu anapita huko." Nikampa. Siku tatu majibu yakaja kupitia kwake, bahasha imefunguliwa. Sinia alipoiona alikaa kimya, halafu akanirudisha benki kwa miguu na barua mpya. Barua ya kuthibitisha inatoka mkononi mwa mkaguzi na inarudi mkononi mwa mkaguzi, haipiti kwa anayekaguliwa. Hakuna aliyekuwa amenieleza kabla. Nilipitishwa kwenye ofisi, nikapewa kompyuta, nikaambiwa karibu.

#35 MzeeWaLeja

Hapo umegusa donda. Zamani zetu sinia alikuwa anakwenda na wewe ghala la kwanza na la pili. La tatu anakaa kwenye kivuli anakutazama. La nne ndiyo peke yako. Kiwango chenyewe kinataka msaidizi aelekezwe, asimamiwe, na kazi yake ipitiwe. Siku hizi naona wamebaki na kupitia tu. Mimi sina ugomvi na junia kwenda stoo. Ugomvi wangu ni kumtuma kama barua.

#36 MtuWaMeneromango

Au hawataki kujua. Junia akiona kitu hajui alichokiona. Mteja anabaki na amani, kampuni inabaki na mteja.

#37 BiMizania

#36 hayo ni mazito, na mimi niliyesimamia timu siyakubali. Saini inayowekwa kwenye ripoti ni ya patna, leseni inayopotea ni yake. Hakuna mtu mwenye akili anayejipofusha hivyo. Wanaamini tu kwamba hatari kubwa haipo stoo, ipo kwenye makadirio na maamuzi ya wakubwa wa mteja, huko ndiko wanakopeleka watu wazito.

#38 MtuWaMeneromango

Wapo waliojipofusha, dada. Ila siwasemi wote.

#39 KariakooKwanza

Swali la pembeni. Mkaguzi akija ghalani kwangu na mke wangu kapika pilau, nimpe nisimpe?

#40 DadaVocha

Kampuni yangu ya kwanza ilikataza hata soda. Ya pili ilisema kitu kidogo cha kawaida ruksa. Mimi nilikula chapati za mtunza stoo mmoja kule Vingunguti, na deni lake nikaliandika kwenye karatasi zangu kama lilivyo.

#41 MamaStoo

Mpe maji na kiti. Pilau mpe akishamaliza kusaini.

#42 BiMizania

Turudi kwa JuniaWaPosta. Mdogo wangu, sinia kakwambia "iko chini ya kiwango, pita". Nusu yake sahihi. Kupita si kusahau. ISA 450 inataka makosa yote yaliyoonekana yakusanywe, isipokuwa yale madogo mno yasiyo na maana yoyote, kwa sababu vidogo kumi vikijumlishwa vinaweza kuvuka kiwango. Na kama kuna dalili ya wizi, ukubwa wa fedha si kipimo pekee, unaangalia nani amehusika. Hakikisha tani 3 ziko kwenye orodha ya tofauti ambazo hazijarekebishwa, zisiishie kwenye karatasi yako ya ghalani.

#43 JuniaWaPosta

Asante dada. Nimeangalia faili sasa hivi, kwenye orodha hazimo. Nitaziingiza kesho na kumwandikia sinia kwa maandishi. Jumatatu mpango wangu: hati ya mwisho ya kupokea mzigo, ripoti ya rejareja ya vipande, mizani. Na nimkalie yule mtunza stoo chini, nimuulize swali la #14.

#44 Ankara_na_Risiti

Ongeza daftari la mlinzi wa getini. Mfumo unahaririwa, daftari la mlinzi limejaa jasho na wino, halihaririki.

#45 FundiChuma

Kabla hujalala. Zile 564 zilizofunguliwa ulizihesabu vipi?

#46 JuniaWaPosta

Nilisimama upande wa mlangoni nikahesabu ncha, nikapiga alama ya chaki kila kumi. Upande wa nyuma kulikuwa kumebanana, sikupita.

#47 FundiChuma

Mwanangu. Nondo ya mita 12 haiingii kwenye Canter. Inakunjwa katikati, inakuwa mita 6, ncha zote mbili zinaangalia upande mmoja. Ukihesabu ncha za nondo zilizokunjwa, kila nondo umeihesabu mara mbili.

Angalia kama una picha.

#48 NasomeaCPA

Kama zote zimekunjwa, 564 ni 282. Tani 3 nyingine zimeondoka. Pengo linakaribia 6.1.

#49 MzeeWaLeja

Usimlaumu mtu bado. Angalia picha kwanza.

#50 JuniaWaPosta

Nimefungua picha nilizopiga siku ile kwa ruhusa yao. Nimezikuza. Safu ya chini imenyooka, ncha zinaonekana ukutani. Safu mbili za juu zina mpindo kule nyuma, naona kivuli cha duara. Safu ya katikati giza, sioni.

Naenda Jumatatu saa mbili, kabla ghala halijafunguliwa. Nakwenda na chaki mbili, nyeupe na nyekundu. FundiChuma, mizani ya kukodi ya kupimia nondo moja moja naipata wapi karibu na Buguruni?